Zege lenye polima linataka maji kwanza, halafu likauke

Mafundi wengi tumezoea sheria moja, zege ukishalimwaga unalimwagilia asubuhi na jioni siku 7, ukiweza zifike 14. Kwa zege la kawaida hapo uko sawa kabisa. Ila lile lililochanganywa na leteksi kama SBR, yale majimaji meupe ya kwenye dumu tunayotumia kuzibia slabu na sakafu za bafu, ukilimwagilia hivyohivyo unapoteza kile ulichokilipia.

Iko hivi, mle ndani kuna kazi mbili na kila moja ina mahitaji yake. Simenti inataka maji ili ishike. Polima zilizomo kwenye hiyo leteksi ni chembe ndogo sana zinazoelea kwenye maji, na ili ziungane ziwe utando ndani ya vitundu vya zege lazima maji yapungue, kama rangi ya maji ukutani. Utando huo ndio unafanya zege jipya ling'ang'anie la zamani, listahimili kupindwa na lisipitishe maji na chumvi hovyo. Likilowekwa mwezi mzima utando unakuwa nusunusu tu.

Site kawaida ni magunia yaliyolowa na nailoni juu, siku 1 au 2, halafu unafunua linakauka lenyewe. Kipimo cha maabara cha Wajapani kinaenda siku 2 za unyevunyevu, 5 ndani ya maji na 21 kwenye hewa kavu, ona jinsi ukavu ulivyopewa muda mwingi.

Lakini jamani hizo siku za mwanzo msiziruke! Leteksi inaweka ngozi juu haraka mno, jua kali na upepo vikiikuta haijafunikwa ngozi inakaza wakati chini bado laini, basi inachanika mistarimistari, na ukirudi na mwiko kulainisha ndo unazidi kuirarua. Funika mara tu unapomaliza kusawazisha.

Baridi nayo ina shida yake, kila polima ina joto ambalo chini yake chembe haziungani, kwa hiyo usiku wa Njombe mwezi wa saba lifunike vizuri lisipoteze joto. Tangi la maji ulilolipiga mchanganyiko huu nalo lipe muda likauke kwanza ndo ulijaze. Na wanaoweka gundi nyeupe ya mbao badala ya SBR, bafuni hapana, ile ikikaa kwenye maji inalainika tena hata kama uliikausha vizuri.