Kompyuta Inayojizima: Tazama Kwanza Kasi ya Joto

Wateja wengi wanaoniletea kompyuta ya mezani inayojizima yenyewe huwa wamekwisha kuambiwa kwamba ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta, umekufa au kwamba pawa saplai, kifaa kinachoigawia umeme, ibadilishwe. Katika kazi yangu ya ufundi hapa Dar es Salaam nimejizoeza kutokubali hukumu ya namna hiyo kabla sijaona joto la prosesa, ile chipu kuu ambayo ikizidi joto mashine hujizima, likipanda, kwa sababu kasi ya kupanda kwake hueleza mengi kuliko kiwango chenyewe.

Huiwasha kompyuta, nikaiacha dakika kumi bila kazi, kisha nikafungua programu ya kupima joto kama HWMonitor. Chumba kikiwa na nyuzi joto 32, jambo la kawaida mchana wa Januari hapa kwetu, prosesa iliyopumzika ikisoma nyuzi 45 au 50 hainitii wasiwasi, maana feni haina hewa nyingine ya kupozea isipokuwa hiyo hiyo ya chumbani. Baadaye huipa prosesa kazi nzito. Ikiruka kutoka nyuzi 50 hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto linakwama kati ya prosesa na kipoza joto, yaani chuma chenye mapezi kinachokaa juu yake chini ya feni: ama pesti, ule ute unaopakwa kati yao kupitisha joto, imekauka, ama mojawapo ya zile pini nne za plastiki zinazoshika kipoza joto imechomoka kwenye ubao. Ikipanda polepole kwa dakika 15 au 20, basi mgusano ni mzima ila hewa haizunguki. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na ndiyo maana mashine huwa nzito kabla haijazimika.

Kompyuta moja niliyoishughulikia ilikuwa ikikaa ndani ya kabati la televisheni, na juu yake kimetandikwa kitambaa cha kufuma. Joto lake lilipanda taratibu mpaka nyuzi 97. Feni ilizunguka vizuri na kwa nje ilionekana safi, lakini nilipoitoa nilikuta vumbi limeshikamana juu ya mapezi ya kipoza joto mithili ya sponji.

Kabla ya kusafisha, chomoa waya ukutani na uguse chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini mwako utoke. Tumia brashi laini na bloa, huku umeshika panga za feni kwa kidole, kwani upepo mkali huizungusha kupita kiasi na kuharibu beringi zake. Pawa saplai usiifungue kabisa; kapasita zake, vipuri vya kutunzia umeme, huweza kuhifadhi umeme hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Kipoza joto kikibanduliwa, pesti ya zamani ifutwe kwa alkoholi ya isopropili na iwekwe mpya, kiasi cha punje ya choroko. Naona mafundi wakiipaka kama siagi kwenye mkate, nami husikitika, kwa kuwa kazi yake ni kujaza vijitundu vidogo tu. Ikiwa nene hupitisha joto vibaya kuliko chuma kilichogusana na chuma.

Mashine ile ilifanya kazi nzito kwa nusu saa bila kuvuka nyuzi 74. Niliirudisha kwa sharti kwamba ikae mezani, bila kitambaa, na mgongo wake uache nafasi ya shubiri moja kutoka ukutani.