Mpe fundi wa nje kazi ya IT, ila funguo zibaki kwako

Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za biashara ndogo, zile za watu watano, kumi, ishirini, ambazo haziwezi kuajiri mtu wa IT wa kudumu kwahiyo zinalipa kampuni ya nje kila mwezi iwaangalizie mashine, imeili, wifi, printa na mambo ya usalama. Kwa biashara ya ukubwa huo naona ni uamuzi mzuri kabisa, maana ukiajiri mtu mmoja siku akiumwa ofisi nzima imekwama, na ni ngumu mtu mmoja kujua mtandao, seva, imeili na usalama vyote kwa kiwango kinachotakiwa. Shida inaanza pale bosi anaposaini mkataba alafu anajiambia basi, usalama sio kazi yangu tena. Unachokodisha ni ujuzi na muda wa watu. Data ni zako, wateja ni wako, na siku mambo yakiharibika wewe ndo utakayepigiwa simu.

Nikiingia kwa mteja mpya kitu cha kwanza naangalia domeini, hata kabla ya antivairasi. Lile jina la tovuti na imeili za kampuni limesajiliwa kwa nani, na imeili gani inapokea taarifa zake? Mara nyingi sana nakuta ni imeili binafsi ya yule kijana aliyewatengenezea tovuti zamani na sa hizi hapatikani hata kwenye simu. Sasa elewa hapa, anayeshika domeini ndo anayeshika imeili zenu zote, akibadili rekodi za MX (zile zinazoelekeza imeili zenu ziende seva gani) barua zenu zinaenda anakotaka yeye, na mwenye imeili zako anaweza kubonyeza “nimesahau paswedi” kwenye karibu kila akaunti uliyonayo. Huyo kijana huenda hana nia mbaya hata kidogo, ila akidukuliwa yeye au akisahau kulipia domeini ikaisha muda, nyie ndo mnapotea. Kwahiyo isajiliwe kwa jina la kampuni, na imeili ya kuisimamia iwe ya mwenye mali tena isiwe ndani ya domeini hiyohiyo, sababu domeini ikifungwa hata ile barua ya kukusaidia kuirudisha hutaipata.

Hivohivo kwa admini mkuu, yaani mwenye mamlaka yote, wa Microsoft 365 au Google Workspace, zile huduma za imeili na mafaili ya ofisi. Kuwe na akaunti moja ya admini ambayo ni yako wewe mwenye biashara, huitumii kwa kazi za kila siku, paswedi yake ndefu imeandikwa kwenye karatasi na imefungiwa kabatini. Fundi awe na akaunti yake pembeni, yenye jina lake. Fundi akikwambia hiyo haiwezekani, muulize kwanini na usikubali jibu la juujuu.

Utajiuliza mbona mimi mtu wa nje ndo nasisitiza haya? Kwasababu sisi ni mlango wa kuingilia kwako. Zile programu tunazotumia kuingia kwenye mashine za wateja tukiwa mbali zina nguvu zote, zinaweza kuinstoli na kufuta chochote kwa mashine mia kwa mpigo. Julai 2021 kundi la wadukuzi la REvil lilipita kwenye Kaseya VSA, programu ya namna hiyo inayotumiwa na makampuni ya IT, na biashara zinazokadiriwa kufika 1,500 zikafungiwa mafaili na kudaiwa fidia, nyingi zikiwa hazina uhusiano wowote na Kaseya, zilikuwa tu na fundi anayeitumia. Kule Sweden mamia ya maduka ya Coop yalifungwa maana mashine za malipo hazikufanya kazi. Na nyuma zaidi, 2013, wezi walioiba taarifa za kadi kama milioni 40 kwa Target ya Marekani walianzia kwenye paswedi ya mkandarasi wa majokofu na viyoyozi. Kwahiyo mhoji fundi wako: kila mfanyakazi wenu ana akaunti yake au mnashea moja? Mnathibitisha kwa hatua mbili (paswedi, alafu namba ya kwenye simu au kitu kingine) kwenye hiyo programu ya kuingilia kwangu? Mtu wenu akiacha kazi leo, anatolewa lini? Fundi anayejali kazi hakasiriki kuulizwa, mi binafsi nafurahi.

Sasa nije kwenye kinachoumiza biashara ndogo kweli kweli, na mara nyingi hakina hata kirusi ndani yake: wizi wa malipo kupitia imeili. Unaenda hivi. Mhasibu anapokea link, inafungua ukurasa unaofanana kabisa na wa kuingia Microsoft, anaweka paswedi, ukurasa unagoma, anaendelea na kazi zake. Aliyeiba haharibu kitu. Anaingia kimya kimya anasoma barua, anajua nani anawadai, nani mnamdai, mnaandikiana kwa lugha gani, alafu anatengeneza sheria ndogo ndani ya sanduku la imeili, kwamba barua yoyote yenye neno “invoisi” au “malipo” au jina la mteja fulani iwekwe alama ya kusomwa na ihamishiwe kwenye folda ya RSS Feeds, folda ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua maishani. Siku invoisi kubwa ikiwa njiani anamwandikia mteja kutoka kwenye imeili halisi ya mhasibu, tumebadili benki tafadhali lipeni hapa, mteja akijibu “mna uhakika?” swali linaingia kwenye ile folda, mwizi analijibu mwenyewe, na mhasibu haoni chochote. Antivairasi hapo haina cha kukamata.

Na kubadili paswedi peke yake hakutoshi, hili nalirudia kila mara. Lazima ufute sheria zote usizozijua, uangalie kama kuna barua zinazofowadiwa nje, uwatoe wote walioingia kwenye kila kifaa, na uangalie kama mwizi hajasajili simu yake kupokea namba za uthibitisho. Hizo namba zenyewe nazo siku hizi zinaibika, kuna kurasa feki zinazopitisha kila unachoandika moja kwa moja hadi kwenye ukurasa halisi na kunyakua ule ufunguo wa kubaki umeingia, ndo maana admini na wahasibu nawashauri watumie passkey (unaingia kwa kidole, uso au PIN ya kifaa chako badala ya paswedi) au ufunguo wa USB, maana hivyo havikubali kufanya kazi kwenye anwani feki. Alafu kuwe na utaratibu ofisini kwamba akaunti ya benki ikibadilika tunapiga simu, kwa namba tuliyokuwa nayo toka zamani, sio ile iliyo kwenye barua, na hata bosi mwenyewe akiandika “lipa haraka niko kwenye mkutano” bado simu inapigwa.

Bakapu. Kila mtu anasema anayo, ila ukiuliza lini mara ya mwisho mlirudisha faili kutoka huko, kimya. Kanuni ni ileile ya 3-2-1, nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja ikae nje ya ofisi, na mimi naongeza kwamba moja isifikiwe kwa paswedi ya admini wa kawaida, sababu hawa jamaa wa fidia wakishaingia wanaitafuta bakapu kwanza ndo wanafunga mafaili. Na folda inayojisinki na klaudi usiiite bakapu, faili likiharibika kwenye laptopu linaharibika na kule, labda uwahi matoleo ya zamani kabla hayajafutwa. Mwambie fundi achague faili la mwezi uliopita alirudishe wewe ukiwa umekaa pembeni, na angalau mara moja kwa mwaka arudishe seva nzima kwenye mashine ya majaribio, muandike ilichukua saa ngapi.

Apdeti sitazizungumzia sana, kirusi cha WannaCry kilisambaa Mei 2017 wakati Microsoft walishatoa apdeti ya kukizuia Machi, ila wengi hawakuwa wameiweka. Windows 10 nayo iliisha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo omba orodha ya mashine zilizobaki nayo na mpango wa kuzitoa. Na kama kuna seva mnaingia kwa Remote Desktop (kuitumia mashine ukiwa mbali) moja kwa moja toka intaneti, njia hiyo ifungwe leo, mpite kwenye VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) yenye hatua mbili.

La mwisho ni mkataba, hasa kipengele cha kuachana, ambacho wengi hawakiandiki. Kiseme fundi atakabidhi nini na ndani ya siku ngapi: orodha ya akaunti zote na paswedi zake, mchoro wa mtandao, settings za ruta na firewoli, lisensi zimenunuliwa kwa jina la nani, bakapu ziko wapi na ufunguo wa kuzifungua. Kiseme pia programu yake ya kuingilia mbali itatolewa kwenye kila mashine na akaunti zake zitafutwa, na nani atathibitisha hilo. Orodha hiyo iombe sa hizi mkiwa mnaelewana, na kila baada ya miezi michache iombe tena, maana vitu vinabadilika.