Je, wajua kwa nini kwenye picha za klabu uso hutulia na taa zikakimbia?

Dada anacheza, jasho linameta juu ya mdomo, kila msuko wa nywele zake unahesabika. Nyuma yake taa za dijei zimegeuka mistari myekundu na ya buluu, imejipinda kama uzi uliofumuka. Uso umetulia, taa zimekimbia, na picha ni moja. Inawezekanaje?

Siri ni nuru mbili zenye kasi tofauti. Ndani ya klabu ya Westlands au River Road saa saba usiku, giza ni jingi, hivyo mpiga picha huacha shata, yaani kipazia kinachoingiza mwanga ndani ya kamera, wazi kwa muda mrefu, tuseme 1/8 ya sekunde. Muda huo wote taa zinajichora, kama taa za matatu zinavyojichora kwenye picha za usiku za Thika Road. Kisha flashi inawaka. Mwako wake mara nyingi haufiki hata 1/1000 ya sekunde, na katika muda huo mchezaji hawezi kusogea hata unywele. Picha mbili zimelaliana.

Na hapa kuna jambo dogo ninalolipenda sana. Flashi ikiwaka mwanzoni, ukungu wa mwendo hutangulia mbele ya mchezaji, akaonekana kama anarudi kinyumenyume. Ikiwaka mwishoni, shata ikikaribia kufunga, mkia wa mwanga hubaki nyuma yake, kule alikotoka. Ndiyo maana wengi huitega iwake mwishoni.

Mpiga picha Malick Sidibé wa Mali alibeba flashi kwenye karamu za vijana wa Bamako miaka ya 1960. Katika picha yake ya mkesha wa Krismasi wa 1963, kijana na msichana wameinamiana vichwa, macho kwenye miguu. Hapo mwendo umeganda, na inatosha. Usiku wa Nairobi wa leo, wenye taa zisizotulia, naona unadai vyote viwili.

Lakini uso ukitoka wazi hivyo, mwenyewe anatambulika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Kwa hiyo anayeandika maisha ya usiku kwa kamera hufika mapema, muziki ukiwa bado chini, akawasalimu mabaunsa, wahudumu na wateja meza kwa meza, na kuwaonyesha picha kwenye kioo cha kamera kabla hajaondoka nazo.