Jozani na watoto: ndizi iacheni nyumbani

Kila Idi ikikaribia, au skuli zikifungwa, swali la kwanza langoni mwa msitu wa Jozani, hapa Unguja, ni lile lile: "Ndizi za kumpa kima zinauzwa wapi?" Anauliza baba aliyekuja na watoto wake watatu, anauliza mwalimu aliyeleta basi zima la wanafunzi. Akijibiwa kwamba haziuzwi na haziruhusiwi, anaona kanyimwa starehe yake. Basi tulimalize hili kwanza, mengine yatafuata.

"Watoto hawafurahi mpaka wamlishe kima"

Chakula cha kima punju, yule kima mwekundu ambaye watu huja Jozani kumwona, ni majani, khasa yale machanga, pamoja na vitumba, maua na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba vinne, na ndani yake mna bakteria wanaoyachachusha majani taratibu. Sukari ya tunda bivu ikiingia humo huchachuka kwa kasi, gesi na asidi hupanda, tumbo likajaa. Aliyewahi kufuga mbuzi, mbuzi huyo usiku akavamia gunia la mahindi na asubuhi akakutwa kavimba ubavu, haelezwi zaidi. Biskuti, chipsi na juisi ya pakiti ni madhara yale yale.

Mbona basi watu wanaapa kwamba wamemwona kima akila ndizi kwa raha zake? Wamemwona, lakini ni kima mwengine. Jozani wako pia wale kima wa kijivu wenye ukosi mweupe shingoni, ambao kila mkulima wa Unguja anawajua kwa wizi. Hao wana vifuko mashavuni, wanakula karibu kila kitu, na ndio wa kuchunga ukiwa na mtoto. Ukimpa ndizi leo, kesho anafungua mkoba mwenyewe. Hatofautishi kupewa na kupora, na mtoto wa miaka minne uso wake uko jirani sana na meno ya kima.

Akiuma au akiparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda. Usingoje uone kama litavimba.

Ndugu wa dhana hii ni ile ya "wamezoea watu, hawana neno". Walichozoea ni kutotishwa. Kupapaswa hawakuzoea, wala kukumbatiwa kwa ajili ya picha. Mita 3 ndiyo mwisho wa kukaribia. Ukiwa na watoto zifanye 5, maana mtoto akinyoosha mkono na kupiga hatua mbili tatu ameshazila mbili. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyuma, kwa sababu maradhi yetu ya njia ya hewa yanaweza kuwapata na wao. Kima punju kwa asili yake hapatikani popote duniani isipokuwa Unguja, na hesabu kubwa iliyofanywa katika miaka ya 2010 ilipata zaidi ya 5,800 kidogo tu. Watoto wa skuli kadhaa za mjini wakikusanywa uwanjani wanafika idadi hiyo.

Mtoto hahitaji ndizi. Anahitaji kazi. Mpe karatasi na penseli kabla hajashuka garini, na mwandikie mambo ya kutafuta.

La kwanza liwe gumba. Kima punju hana gumba la maana, ni kijinundu tu. Tawi hulishika kwa kuvikunja vile vidole vinne. Kima wa kijivu gumba analo. Mtoto akishajua hilo atawatenganisha wawili hawa vizuri kuliko baba yake. La pili, doa la waridi midomoni na puani, pamoja na zile nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso: kima punju wote wanazo, lakini ukitazama vizuri hakuna wawili wanaofanana. La tatu, nani anaruka mwanzo kundi linapohama mti, na mama mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni anafuata wa ngapi.

La nne ndilo tamu kuliko yote: mkaa. Kima punju wanaoishi karibu na mashamba hula mkaa. Huokota vipande kwenye matanuri ya mkaa na vijiti vilivyoungua, wakavitafuna. Majani ya mwembe na mkungu, ule mti wa kungu, yana protini nyingi lakini yana pia kemikali zinazosumbua tumbo, na mkaa huzinyonya. Mtoto aliyeona mnyama ameshika kipande cha mkaa anakitafuna, midomo imemchafuka, akirudi nyumbani hatazungumzia ndizi.

Baada ya hapo mkae kimya mahali pamoja dakika kumi. Kundi laweza kuwa na kima 30 hadi 50, na likiwa linakula halina haraka. Watajisogeza wenyewe. Wakija mno, rudini nyuma polepole, msipige kelele wala msikimbie. Watoto chini ya miaka sita dakika kumi hawaziwezi, usijidanganye. Wape tano, kisha tembeeni.

"Punju ni sumu, ukimgusa unadhurika"

Sumu hana. Ana harufu kali, basi. Wanaosema mti anaokula hukauka, au mbwa akimla hunyonyoka manyoya, hawajawahi kuonesha mti huo wala mbwa huyo. Na wenye minazi wanaolalamika kwamba kima wanakula vidaka, yaani nazi changa, wajue kwamba utafiti uliofanywa pembezoni mwa Jozani katika miaka ya 1990 haukuona mavuno ya nazi kupungua pale kima walipokula vidaka kwa wingi. Mnazi huangusha vidaka vyake vingi wenyewe.

"Twende tukitoka pwani, saa saba hivi"

Saa saba mchana kima amelala juu ya tawi, mkia unaning'inia, na mtoto ana njaa na jua limempiga. Njooni asubuhi, saa moja na nusu hadi saa nne, au alasiri kuanzia saa tisa. Ndipo wanapokula na kucheza.

Mwenye gari apunguze mwendo kabla hajafika langoni. Yale matuta hayakuwekwa kumuudhi dereva. Kima walikuwa wakigongwa pale mara kwa mara.

"Mikoko ni matope tu, tupitishe"

Hapa familia nyingi hujinyima nusu nzuri ya safari. Wamelipa kiingilio, wamemwona kima, wamepiga picha, wanageuza. Njia ya mbao kwenye mikoko ya Pete iko karibu tu, haina vilima, na mtoto mdogo anaimudu.

Lakini kila kitu kinategemea maji. Yakijaa utaona majani na maji. Yakipwa utaona mizizi iliyopinda ya mkoko, mizizi ya mchu iliyochomoza wima matopeni ili ipate hewa, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanaolipunga, na samaki wadogo wanaorukaruka juu ya matope badala ya kuogelea. Hesabu yake ni rahisi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa nne asubuhi utayakuta yamejaa, kwa hiyo anzeni na msitu na mikoko muifanye alasiri. Mvuvi yeyote atakwambia, ukimuuliza kabla ya kukodi gari na si baada.

Watoto wakifika hapo waacheni walambe jani la mchu, likiwa mtini, bila kulichuma. Lina chumvi. Mchu hunyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, na siku ya jua kali utaiona imeganda juu ya jani. Kisha watafute tunda la mkoko lililochipua likingali juu ya mti, refu na lenye ncha. Likianguka wakati wa maji kupwa hujichomeka matopeni. Yakiwa yamejaa huelea likaenda kuota kwengine.

"Masika hakuendeki"

Kunaendeka, ila msitu wa Jozani una maji chini, na masika njia nyingine hufurika. Shida hasa ni makubazi. Kila mwaka watoto huletwa msituni na makubazi ya Idi, wakateleza kwenye mizizi. Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, dawa ya mbu, na maji ya kunywa nusu lita kwa kila mtoto. Hayo tu.

Mengine kwa ufupi

Chui: kuwepo kwake Unguja hakujathibitishwa, msimtishie mtoto. Nyoka wapo, na wakisikia miguu ya watu huondoka, baki njiani. Komba hutoka usiku, usimuulize mtembezaji mchana akuoneshe. "Ni mahali pa wageni": mkaazi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, njoo na kitambulisho, na daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita mlangoni.

Na kwa walioko Pemba: "Popo wananyonya damu"

Popo wa Pemba hula matunda na maua, na hapatikani popote nje ya kisiwa hicho. Kidike, mahali wanapolala popo hao huko Pemba, mtoto anaweza kuwatazama mchana kutwa wakiwa wananing'inia, wakijipepea kwa mbawa zao wakati wa joto. Wapo wazazi wanaopiga makofi na kurusha mawe ili waruke, mtoto aone. Msifanye hivyo. Popo aliyerushwa juani anamaliza nguvu zake, na mama aliyembeba mtoto anaweza kumwangusha. Njooni saa kumi na moja jioni, kaeni mbali kidogo na mti, na magharibi ikiingia wataruka wenyewe kwenda kula.