Kodi Isiyopigiwa Kura

Weka 100 benki kwa mwaka mmoja, riba asilimia 6. Usijali ni fedha ya nchi gani. Mwaka ukiisha unazo 106, na taarifa ya akaunti inakupongeza kwa faida. Mfumuko wa bei mwaka huo ulikuwa asilimia 9, kwa hiyo ulichoweza kununua kwa 100 sasa kinataka 109. Umeshapungukiwa. Halafu inakuja sehemu ambayo wastaafu wenzangu huwa hawaiamini mpaka niwaandikie kwenye karatasi: nchi nyingi hukata kodi kwenye ile riba ya 6, kana kwamba ni kipato. Kodi ya zuio, yaani ile inayokatwa kabla riba haijakufikia, ikiwa asilimia 10, unabaki na 105.4. Gawanya kwa 109, na mkononi una kitu chenye thamani ya 96.7 za mwaka jana. Umekula hasara, na hasara hiyo imetozwa kodi ya mapato.

Endelea hivyo miaka kumi, na ile 100 itabaki na nguvu ya kama 71 hivi. Ukitafuta mwizi humpati. Benki imelipa riba iliyoahidi, mamlaka ya kodi imefuata sheria, benki kuu imetoa taarifa zake kwa wakati, na mbunge wako hajawahi kuulizwa lolote kuhusu jambo hili, maana halikufika bungeni.

Kabla sijastaafu nilikuwa upande wa uwekezaji wa mfuko wa pensheni, na hesabu hii ya riba halisi, yaani riba ukishaondoa mfumuko wa bei, nimeifanya nusu ya umri wangu. Wenzangu wengi wamekatishwa tamaa na siasa kwa sababu ya ufisadi. Nami unaniudhi, lakini ufisadi una jalada, una mkaguzi, na mara mojamoja una hukumu. Kilichonitoa imani na wanasiasa wa pande zote ni hii njia halali, ambayo chama tawala kikiondoka na upinzani ukiingia inabaki palepale.

Tazama Kupro. Machi 2013 benki zake zilikuwa zimeanguka, na mpango wa kwanza wa uokoaji ulitaka kila mwenye amana achangie: asilimia 6.75 kwa walio chini ya euro 100,000, na asilimia 9.9 kwa walio juu ya hapo. Watu waliingia barabarani. Tarehe 19 Machi bunge lilipiga kura, na hakuna mbunge hata mmoja aliyeunga mkono. Mpango ukabadilishwa: wenye amana ndogo wakaachwa salama, na mzigo ukawaangukia wenye amana kubwa katika benki mbili zilizokuwa hoi. Hadi leo tukio hilo linatajwa kama siku serikali ilipotaka kuingiza mkono kwenye mfuko wa mwenye akiba.

Sasa nenda Oktoba 2022, katika eneo lilelile la euro. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.6 kwa mwaka, huku akaunti za kawaida za kaya zikilipa riba karibu na sifuri. Mwenye akiba ndogo alipoteza kwa mwaka mmoja zaidi ya kile ambacho bunge la Kupro lilikikataa bila mbunge hata mmoja kukiunga mkono. Hakukuwa na kura wala mswada. Sidai kuna aliyekaa mahali akapanga: bei za nishati zilipanda kwa vita, usafirishaji wa mizigo ulikuwa bado haujapona tangu janga la korona, na fedha nyingi zilikuwa zimemwagwa kuokoa ajira. Ninachodai ni kwamba jambo moja likija kwa jina la tozo linaangusha serikali, na likija kwa jina la mfumuko wa bei linaitwa hali ya uchumi.

Serikali zenye madeni zinalijua hilo muda mrefu. Wakati wa vita vya pili vya dunia, benki kuu ya Marekani ilikubaliana na hazina kwamba riba ya hatifungani za muda mrefu, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia watu na taasisi, isivuke asilimia 2.5. Vita vikaisha, mpango ukabaki. Mwaka 1947 bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 14, na mwenye hatifungani akaendelea kupokea asilimia 2.5 yake. Mpango huo ulivunjwa Machi 1951. Mwaka 1946 deni la serikali lilikuwa limezidi pato la taifa la mwaka mzima. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 lilikuwa limeshuka hadi kama robo ya pato hilo. Ukuaji wa uchumi ulisaidia sana, na bajeti za uangalifu pia. Lakini sehemu ya deni lile ililipwa na watu waliokuwa wamenunua hatifungani kwa uzalendo, wakarudishiwa fedha zilizokonda.

Wachumi wanauita mtindo huo ukandamizaji wa kifedha. Wengi wanaowaza juu yake humfikiria mtu na kitabu chake cha benki, ilhali chumba nilichokijua mimi ni kile cha kamati ya uwekezaji. Mfuko wa pensheni hauko huru kama mtu binafsi. Kanuni husema kiasi gani kinaweza kwenda kwenye hisa, kiasi gani kwenye majengo, kiasi gani nje ya nchi, na mara nyingi hatifungani za serikali ndizo pekee zinazoruhusiwa bila kikomo au kwa kikomo kikubwa. Sababu inayotolewa ni usalama, na kweli kanuni hizo zimeokoa mifuko mingi na tamaa za mameneja. Ila mwandishi wa kanuni ndiye huyohuyo mkopaji. Kuna vikao ambapo karatasi ya mnada wa hatifungani ilikuwa mezani, riba iko chini ya mfumuko wa bei, kila mtu chumbani anaona, na bado tunaandika kiasi cha kununua kwa sababu michango ya mwezi imeingia na haina pa kwenda. Ukimkopesha mtu ambaye ndiye anayekupangia milango ya kutokea, si ajabu akakulipa apendavyo. Mkopaji wa aina hiyo akibanwa kabisa anaweza hata kuacha kukopa akachukua, kama Argentina ilivyofanya mwaka 2008 ilipoihamishia serikalini mifuko yote binafsi ya pensheni.

Tukirudi kwa mstaafu mwenyewe, akiba ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni pensheni ya kila mwezi, na swali la kwanza la kuuliza kuhusu pensheni yoyote ni kama inapandishwa kufuata bei. Watu hubishana juu ya kikotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni, juu ya mshahara upi utumike, juu ya mkupuo unaolipwa siku ya kustaafu uwe robo au theluthi, na kifungu cha nyongeza ya kila mwaka kinapita bila kusomwa. Gawanya 72 kwa kiwango cha mfumuko wa bei, utapata takriban miaka ambayo bei zitajirudia maradufu. Kwa asilimia 6 ni miaka 12. Aliyestaafu akiwa na miaka 60 kwa pensheni isiyopandishwa, akifika 72 anapokea nusu ya kile alichoahidiwa, na hesabu za mfuko zitaonyesha amelipwa kila senti.

Hapo ndipo mwanasiasa anapoingia na nyongeza yake. Pensheni ambayo sheria imeifunga kwa bei haina shukrani. Hakuna wa kupigiwa makofi. Pensheni iliyoachwa mikononi mwa waziri inaweza kudumaa miaka minne na kupandishwa wa tano, kampeni zikiwa mlangoni, na ukumbi ukajaa vigelegele. Bei zimepanda kwa theluthi, nyongeza ni asilimia 10, na wazee wenzangu wanaimba. Nimewahi kukaa kwenye ukumbi wa namna hiyo nikiwa na kalamu mfukoni, na nilijionea aibu kwa kuwa mimi pekee niliyekuwa nafanya hesabu ya kugawanya.

Ghana inanifundisha zaidi kuliko nchi yoyote katika jambo hili. Desemba 2022 serikali ilitangaza kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Vyama vya wafanyakazi vilitishia mgomo, na mifuko ya pensheni ikatolewa kwenye awamu ile. Wakabaki wastaafu waliokuwa wamenunua hatifungani kwa fedha zao wenyewe. Februari 2023 wakaenda na mabango kwenye wizara ya fedha, na Sophia Akuffo, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa nchi, akasimama nao. Nao wakaondolewa kwenye mpango. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda mwenyewe. Lakini Desemba hiyohiyo mfumuko wa bei nchini humo ulikuwa asilimia 54. Mzee asiye na hatifungani, mwenye akiba yake kwenye akaunti ya kawaida, aliyeyushiwa karibu theluthi ya thamani yake ndani ya mwaka, na kwake haikuwapo wizara ya kwenda kusimama na bango. Angemwandikia nani?

Lazima niseme pia upande ambao wastaafu hatupendi kuusikia. Riba ya chini haikumuumiza kila mwenye mvi. Aliyekuwa na nyumba au hisa miaka ile riba ilipokaa karibu na sifuri, kuanzia mwisho wa 2008, aliona mali yake ikipanda bei bila kunyanyua kidole. Na riba ile ilimwachia kijana kazi ambayo ingepotea. Benki kuu ya Ulaya ilipoishusha riba yake ya amana, yaani ile inayozilipa benki zinazoweka fedha kwake, chini ya sifuri Juni 2014, na kuiacha huko hadi Julai 2022, wazee wa Ujerumani waliona wanaadhibiwa kwa kuweka akiba. Vijana wa Uhispania wasio na ajira walikuwa na maoni tofauti, na sioni kwa nini maoni yangu yawe mazito kuliko yao. Na upande wetu pia kuna pahali tunapopewa kupita kiasi. Uingereza imekuwa ikipandisha pensheni ya serikali kwa kile kilicho kikubwa kati ya ongezeko la bei, ongezeko la mishahara na asilimia 2.5. Nikiwa mstaafu naipenda. Nikirudi kwenye kiti changu cha zamani naona ahadi ambayo wafanyakazi wa leo wanailipia bila uhakika wa kuikuta.

Kwa hiyo sitaki riba ipandishwe ili mimi nistarehe. Ninachotaka kipo na kimeshafanyika. Mwaka 1975, mfumuko wa bei ukikaribia asilimia 25, Uingereza ilianza kuwauzia watu waliofikia umri wa kustaafu vyeti vya akiba vilivyofungwa kwa bei: bei zikipanda, thamani ya cheti inapanda nazo. Mwaka 1981 ikatoa hatifungani za aina hiyo sokoni, na Marekani ikafuata 1997. Riba juu ya mfumuko inaweza kuwa ndogo sana, hata sifuri. Kwa mzee sifuri halisi inatosha. Serikali inayokataa kabisa kutoa kitu kama hicho, hata kwa kiwango kidogo cha fedha kwa kila mstaafu, inanieleza inavyotarajia kulipa madeni yake. Mgombea yeyote akija kuniomba kura, namuuliza hilo tu. Mpaka sasa wanajibu kwa kunishukuru kwa mchango wangu katika ujenzi wa taifa.

Kitu cha pili ni chepesi zaidi: taarifa ya mwaka ya mfuko iwe na safu moja ya ziada, inayoonyesha faida baada ya kuondoa mfumuko wa bei na kodi. Programu inayochapisha taarifa hizo ina takwimu zote tayari. Nimekuwa nikiwaandikia wadhamini wa mfuko wangu kuhusu safu hiyo tangu nilipostaafu. Jibu la mwisho lilisema pendekezo ni zuri, isipokuwa linaweza kuwachanganya wanachama.