Ndege ndani ya kichaka: dhana potofu za wapiga picha na ukweli wake

Msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na hakuna sehemu yake inayomwaibisha mpiga picha kama vichaka vya miti ya Cynometra kwenye udongo mwekundu. Humo ndimo anamoishi bundi mdogo wa Sokoke, ndege wa sentimita 16 hivi aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1965 tu. Mchana hulala wawili wawili, wamebanana kwenye tawi la chini, na mbele ya nyuso zao hakukosi kijiti. Wengi hurudi na picha nzuri sana ya kijiti hicho, na bundi nyuma yake kama uji.

Dhana: Ukiwa na lenzi ndefu, kazi imekwisha

Lenzi ya milimita 600 ni mali ziwani na mbugani. Kichakani ndege huwa mita 4 hadi 8 kutoka ulipo. Kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha upana wa milimita 36), lenzi hiyo ikilenga kitu kilicho mita 6 huona upana wa sentimita 36 tu, kwa hiyo hata kumpata ndege kwenye kioo ni kazi, ukimpata, ameshahama. Isitoshe, lenzi nyingi nzito za urefu huo zisizo na zumu (uwezo wa kuvuta karibu na mbali) hazifokasi, yaani hazitoi picha kali, karibu kuliko mita 4 na kitu. Lenzi ya zumu ya milimita 100–400 humwezesha mtu kutafuta akiwa kwenye 200, kisha akavuta.

Dhana: Fungua lenzi hadi mwisho, vijiti vyote vitayeyuka

Hii ndiyo inayoharibu picha nyingi zaidi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Chukua lenzi ya milimita 400 kwenye f/5.6 (kipimo cha uwazi wa lenzi; namba ikipungua, uwazi huongezeka), ndege akiwa mita 8. Eneo litakalotoka safi lina kina cha sentimita 13 hivi, nusu mbele ya jicho lake na nusu nyuma. Kijiti kilicho sentimita 10 nyuma yake kitalegea kidogo tu, na mara nyingi kitajigawa kuwa mistari miwili inayoudhi kuliko kijiti chenyewe. Kinachoyeyuka ni kilicho mbali na ndege. Kijiti chembamba kilicho nusu mita mbele ya lenzi hupotea kabisa, maana kinaziba kipande kidogo tu cha uwazi wa lenzi, ambao hapo una kipenyo cha milimita 71. Jani pana mahali hapohapo halipotei: huacha utando wa kijani juu ya picha nzima, na watu hudhani lenzi ni mbovu.

Dawa ni miguu. Sogea sentimita 30 kushoto. Kijiti kilicho mita 2 kutoka kwako kitahama sentimita 90 ukikipima pale alipo ndege, kimekwisha. Kilicho nusu mita mbele ya ndege kitahama sentimita 2 tu. Hicho usishindane nacho kwa hatua ndogo: zunguka hasa, au subiri ndege ageuze kichwa. Usisahau kupanda na kushuka pia. Kupiga goti kunaweza kubadilisha mandharinyuma yote, kutoka anga jeupe lenye vitobo hadi ukuta wa majani yaliyo mita 10 nyuma. Kwa hiyo stendi ya mguu mmoja hufaa kuliko ya miguu mitatu humu ndani.

Dhana: Kamera za sasa hulitafuta jicho zenyewe

Hulitafuta, na kwenye tawi lililo wazi hulipata. Kukiwa na vijiti mbele, fokasi hung'ang'ania kilicho karibu chenye mistari mikali. Tumia nukta moja, ndogo kuliko zote. Fokasi ikirukia nyuma na kukataa kurudi, usiendelee kubonyeza huku ukilaani: lenga shina au ardhi iliyo umbali sawa na ndege, fokasi hapo, kisha rudi kwake na umalizie kwa pete ya mkono. Hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma, ili kila ukibonyeza kifyatuo isianze kutafuta upya.

Dhana: ISO isizidi 800, la sivyo picha zitajaa chenga

ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, na chenga ni zile punjepunje zinazotokea picha ikikosa mwanga. Kwenye kivuli kizito, f/5.6 na ISO 3200 vinaweza kukupa kasi ya kifyatuo ya 1/250 ya sekunde. Ukishuka hadi ISO 400 utabaki na 1/30, na ndege aina ya chozi anayenyonya ua hatakusubiri. Chenga hupunguzwa baadaye; picha iliyotikisika haina dawa. Ukipiga giza kusudi ili uje uiangaze kwenye kompyuta, chenga zitaongezeka. Ndege akiwa na anga nyuma yake, ongeza mwangaza kwa hatua moja au mbili (kila hatua huongeza mwanga maradufu), la sivyo utapata kivuli chenye mdomo.

Dhana: Alfajiri ndiyo saa ya picha

Uwandani, sawa. Chini ya miti mirefu, saa kumi na mbili na nusu bado ni usiku kwa kamera. Mwanga hufika saa mbili au tatu, na siku yenye wingu jembamba hushinda zote, kwani jua la mchana hutupa madoa meupe kwenye majani na manyoya.

Dhana: Cheza sauti yake kwenye simu, au kata vijiti viwili vitatu

Ndege anayejibu sauti hiyo anadhani mpinzani amevamia eneo lake. Huacha kula au kuatamia ili aje kumfukuza. Na vijiti vilivyozunguka kiota ndivyo kivuli na maficho ya makinda. Ukivikata, jua na nyoka hupata njia. Kama hakuna upenyo, hakuna picha siku hiyo.

Dhana: Picha yenye vijiti imeharibika

Inategemea vimepita wapi. Jicho moja na mdomo vikiwa wazi, kijiti juu ya bawa au mkia husameheka. Hondohondo aliyejificha nusu kwenye majani yake ndivyo anavyoonekana msituni. Kinachokatisha tamaa ni kijiti kimoja tu kinachokata jicho, na hicho, kwa bundi aliyelala, huwa kinahitaji upige magoti na kuinama shingo hadi iume.