Chanjo ilisaidia kuponya panya, ikashindwa kwa wagonjwa

Nikifundisha kinga na saratani, naanza na jaribio la mwaka 1999 lililofanyika Berkeley, California, katika maabara ya James Allison. Panya weusi walipandikizwa seli za B16, melanoma (saratani ya seli za rangi ya ngozi) sugu ambayo kinga ya panya huitambua kwa shida. Wakapewa tiba mbili. Ya kwanza ilikuwa chanjo ya seli za saratani hiyohiyo, zilizopigwa mionzi zisizaane na kutiwa jeni ya GM-CSF, protini inayoamsha seli za ulinzi. Ya pili ilikuwa kingamwili ya kuzuia CTLA-4, ambayo ni breki ya seli T, askari wa kinga wanaoua seli za saratani. Kila moja peke yake haikufua dafu. Zilipounganishwa, uvimbe ulitoweka kwa panya 68 kati ya 85.

Manyoya yao yanasema mengi. Kati ya panya 68 walionusurika, 38 walipoteza rangi, kuanzia pale walipochomwa chanjo au walipopandikizwa saratani. Melanoma ina protini zilezile za seli zinazotengeneza rangi ya mwili, kwa hiyo seli T zilishambulia hata seli zenye afya. Ukiachia breki, madhara ya namna hii lazima uyatarajie.

Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya wagonjwa 676 wa melanoma. Waliopewa ipilimumab, dawa inayozuia CTLA-4, waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 10.1. Walioongezewa chanjo ya gp100, protini ya melanoma, ambayo si chanjo ileile ya panya, miezi 10.0. Chanjo pekee, 6.4. Chanjo haikuongeza chochote.

Wapo waliohitimisha kwamba chanjo na dawa hizi haviendani. Mimi sikubali. Watafiti wa Houston walirudi kwa panya wakachunguza mafuta yanayochanganywa na gp100. Mafuta hayo hukaa muda mrefu chini ya ngozi, na seli T zikavutwa huko, zikachoka na kufa kabla ya kufika kwenye uvimbe. Walipotumia chanjo isiyodumu mahali ilipochomwa, seli T zilielekea kwenye saratani, na dawa ikafanya kazi vizuri zaidi.

Ndiyo maana nikisoma utafiti wa panya, asilimia ya waliopona hainitoshi. Nauliza seli T zilikwenda wapi, na uvimbe ulikuwa na umri gani tiba ilipoanza. Ule wa Berkeley ulikuwa mchanga. Wagonjwa wa 2010 walikuwa na melanoma ambayo upasuaji haungeweza tena kuiondoa.